Steroli za mimea: moto wa jikoni hubakiza nini?

Steroli za mimea ni viambato vya asili vya jamii ya mafuta vinavyoimarisha utando wa seli za kila mmea, kazi ambayo katika mwili wa mnyama na wa binadamu hufanywa na kolesteroli. Zimo kwenye mbegu ya alizeti, kiini cha punje ya hindi, maharage, karanga na parachichi, vyakula vya kila siku kwa mkazi wa Ilomba, kata ya Jiji la Mbeya, na kwa jirani yake wa Iringa. Viwanda vya Ulaya na Marekani huziongeza kwa wingi kwenye majarini maalumu za kupaka, zinazouzwa kwa watu wanaotaka kupunguza kolesteroli mwilini.

Faida ya steroli inategemea kiasi kinachofika tumboni kikiwa hakijabadilika. Kabla ya kufika huko chakula hupita motoni, na moto wa jiko moja si sawa na wa jingine. Steroli inaweza kutoka salama kwenye sufuria ya maharage yaliyochemka saa mbili, lakini ikaharibika kwenye karai la chipsi linalofuka moshi tangu asubuhi. Kinachotofautisha vyombo hivyo viwili ni joto, muda, hewa, na kama bado kuna maji ndani yake.

Ndugu wa kolesteroli

Wanakemia wametambua zaidi ya aina 200 za steroli za mimea. Zinazopatikana kwa wingi kwenye chakula ni tatu: sitosteroli, kampesteroli na stigmasteroli. Umbo lake linakaribiana mno na la kolesteroli. Kampesteroli inaizidi kolesteroli kwa kaboni moja tu kwenye mkia wa molekuli, na sitosteroli kwa kaboni mbili. Hata hivyo utumbo huitambua tofauti hiyo ndogo. Binadamu hunyonya karibu nusu ya kolesteroli inayopita tumboni, lakini steroli za mimea hunyonya chini ya asilimia 5. Nyingi kati ya hizo chache zinazopenya kwenye seli za utumbo husukumwa zirudi nje na protini mbili zinazofanya kazi kama pampu, ABCG5 na ABCG8.

Steroli hufanya kazi yake palepale kwenye utumbo mwembamba. Nyongo huyagawa mafuta ya chakula kuwa matone madogo mno, na ni kwa njia ya matone hayo kolesteroli hufika kwenye ukuta wa utumbo. Nafasi ndani ya matone ni chache. Steroli za mimea zikizijaza, sehemu ya kolesteroli hukosa pa kukaa na hutoka na choo. Ndiyo maana steroli hufaa zaidi zikiliwa pamoja na mlo, wakati nyongo imekwisha kumwagika.

Gramu 2 za steroli kwa siku, zikiliwa mfululizo kwa wiki mbili au tatu, hushusha kolesteroli ya LDL, ile inayoitwa mbaya, kwa takriban asilimia 7 hadi 10. Mlo wa kawaida usioongezwa kitu huleta miligramu 150 hadi 400 tu kwa siku. Pengo hilo ndilo lililozaa majarini zenye steroli.

Kutoka msituni hadi kwenye kopo

Wazo lenyewe ni la zamani kuliko majarini hizo. Mwaka 1951 mtafiti D. W. Peterson wa Marekani alionyesha kwamba vifaranga waliolishwa kolesteroli pamoja na steroli za soya hawakupandisha kolesteroli ya damu kama wenzao. Mwaka 1954 kampuni ya dawa ya Eli Lilly ilianza kuuza sitosteroli kwa jina la Cytellin. Dawa hiyo ilikuwa na kasoro kubwa: sitosteroli safi ni unga mkavu usioyeyuka kwenye maji, na hata kwenye mafuta huyeyuka kidogo sana, hivyo mgonjwa alilazimika kumeza kiasi kikubwa kila siku. Iliondolewa sokoni mwaka 1982.

Ufumbuzi ulikuwa kuiunganisha steroli na asidi ya mafuta. Muungano huo, unaoitwa esta, huyeyuka vizuri kwenye mafuta na unaweza kuchanganywa kwenye majarini bila kuacha chembechembe mdomoni. Mwaka 1995 kampuni ya Raisio ya Finland ilianza kuuza majarini ya Benecol yenye esta za stanoli, ambazo ni steroli zilizoongezwa hidrojeni. Mwaka huohuo jarida la tiba la New England Journal of Medicine lilichapisha matokeo ya jaribio la mwaka mmoja kwa watu 153 wa Karelia ya Kaskazini, nchini Finland. Waliokula majarini hiyo walishusha kolesteroli yao yote kwa takriban asilimia 10. Mwaka 2000 Umoja wa Ulaya uliidhinisha majarini ya Unilever yenye esta za steroli.

Malighafi yake hutoka sehemu kuu mbili. Ya kwanza ni masalia ya usafishaji wa mafuta ya mimea, hasa ya soya. Ya pili ni masalia ya viwanda vya karatasi vinavyopika mbao za misindano kwa kemikali, ambapo utomvu na mafuta ya mti huelea juu kama sabuni nyeusi yenye steroli ndani yake. Nyanda za Juu Kusini zina miti ya jamii hiyo kwa maelfu ya hekta: shamba la miti la Sao Hill, wilayani Mufindi mkoani Iringa, limejaa misindano, na kiwanda cha karatasi cha Mgololo kilijengwa kwa kuitegemea. Kwa hiyo malighafi iliyoifanya Finland iongoze katika biashara hii si ngeni katika mkoa wa Iringa.

Majarini ya kawaida inayopakwa kwenye mkate nchini, ambayo wengi huiita siagi au Blue Band bila kujali jina la kwenye kopo, huongezwa vitamini. Kuongezwa vitamini si kuongezwa steroli. Vivyo hivyo kwa mafuta ya kula: kanuni za Tanzania zinataka mafuta ya viwandani yaongezwe vitamini A. Steroli iliyomo kwenye mafuta hayo ni ile iliyotoka kwenye mbegu yenyewe.

Moto, hewa na muda

Sitosteroli safi huyeyuka kwenye joto la nyuzi 140 hivi za Selsiasi, na kwa joto la jikoni haigeuki mvuke kirahisi. Kuyeyuka hakuidhuru. Adui yake ni oksijeni, na joto huiharakishia oksijeni kazi yake.

Molekuli ya steroli imejengwa kwa pete nne za kaboni. Kwenye pete ya pili kuna kifungo maradufu, na kaboni iliyo jirani nacho, inayopewa namba 7, hupoteza hidrojeni yake kwa urahisi. Pengo likiachwa wazi, oksijeni hujishika hapo. Steroli hugeuka oksidi, na oksidi hiyo haihesabiwi tena kuwa steroli. Stanoli haina kifungo hicho maradufu, ndiyo maana huvumilia moto kuliko steroli.

Kasi ya mabadiliko hayo hutegemea mambo kadhaa yanayokwenda pamoja. La kwanza ni joto: kwa kanuni ya jumla ya kemia, kila nyuzi 10 zinazoongezeka huweza kukaribia kuongeza kasi maradufu. La pili ni muda. La tatu ni eneo linaloguswa na hewa, kwa hiyo mafuta yaliyotandazwa kwa utando mwembamba kwenye kikaango kipana huharibika haraka kuliko mafuta hayohayo yakiwa na kina kwenye sufuria. La nne ni vichochezi: chuma, shaba na mwanga huharakisha, ilhali vitamini E hupunguza kasi kwa kuharibika yenyewe kabla ya steroli.

Aina ya mafuta yanayoizunguka steroli nayo ina sehemu yake. Mafuta yenye asidi nyingi za vifungo maradufu, kama ile ya linoleiki, huungua na kuchacha mapema, na uharibifu wake huhamia kwenye steroli. Mafuta yaliyoshiba zaidi, kama ya mawese, hustahimili kukaangwa.

Utafiti wa maabara na wa jikoni huonyesha ncha mbili. Steroli ikiwekwa kwenye joto la nyuzi 180 kwa saa nyingi, ikiwa wazi kwa hewa, sehemu kubwa huharibika. Majarini yenye steroli ikikaangiwa yai au mboga kwa dakika chache, kinachogeuka oksidi ni sehemu ndogo ya asilimia au asilimia chache tu, na steroli nyingi hubaki. Kati ya ncha hizo mbili ndipo upishi wa kila siku ulipo.

Sufuria, kikaango, karai na oveni

Mbeya iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Kwa sababu hiyo maji ya Ilomba huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, wala si 100 kama Dar es Salaam, na ndiyo maana maharage ya nyanda za juu hukaa jikoni muda mrefu kuliko ya pwani. Maadamu kuna mchuzi kwenye sufuria, joto la chakula haliwezi kupita hapo. Steroli haiyeyuki kwenye maji, hivyo haimwagiki sana na maji ya kuchemshia. Kuchemsha na kupika kwa mchuzi ndiyo njia inayozihifadhi vizuri zaidi: makande, maharage ya mchuzi, ndizi za Rungwe zilizoungwa na karanga, vyote hubaki na sehemu kubwa ya steroli zake.

Kikaangoni hali hubadilika kwa hatua. Majarini ina maji ndani yake. Kwa viwango vya kimataifa majarini kamili huwa na mafuta asilimia 80 na sehemu kubwa ya iliyobaki ni maji, na zile nyepesi za kupaka, ambazo ndizo huongezwa steroli mara nyingi, zinaweza kuwa na maji zaidi ya nusu. Ikitiwa kwenye kikaango cha moto, maji hayo huruka na kutoa sauti, na yakiwapo hulizuia joto lisipande. Yakiisha, joto la mafuta hupanda ghafla kuelekea nyuzi 150 au 180, na kwa kuwa yamebaki kidogo na yametandazwa, hewa huyafikia yote. Hapo ndipo oksidi huanza kuongezeka. Mwinuko wa Mbeya hausaidii hatua hii, kwa kuwa mafuta hayachemki kama maji na joto lake hutegemea moto ulio chini yake.

Jiko la mkaa lina tatizo lake: moto wake ukikolea haupunguzwi kwa kuzungusha swichi. Mpishi hana njia ila kuepua kikaango, kufunga tundu la hewa au kuongeza kitu chenye maji, na kitunguu au nyanya vikiingia mapema hushusha joto la mafuta papo hapo.

Ndani ya oveni, keki au mkate huwa na nyuso mbili. Ganda la juu hukauka na kupata joto kali, lakini katikati, penye unyevu, joto halivuki kiwango cha maji kuchemka. Steroli zilizochanganywa kwenye unga hubaki karibu zote isipokuwa zile za kwenye ganda.

Karai la chipsi ndilo kali kuliko vyote. Viazi mviringo vya Uporoto, samaki na maandazi hukaangwa kwenye mafuta ya nyuzi 170 hadi 190, na mafuta hayo hutumika saa nyingi, mara nyingi kwa siku zaidi ya moja. Mvuke wa viazi, chumvi, mabaki yaliyoungua na kutu ya karai la chuma vyote huongeza kasi ya uharibifu. Kuongeza mafuta mapya juu ya ya zamani hakuyafufui ya zamani. Hugawanya uchafu na kuyaharibu mapya mapema. Nchi kadhaa za Ulaya huyakataza mafuta ya kukaangia pindi viambato vilivyoharibika vinapofikia karibu robo ya uzito wake. Bila kipimo, dalili zinazoonekana ni rangi kuwa nyeusi, mafuta kuwa mazito, povu lisilotulia na moshi kutoka kabla ya chakula kuingia. Viazi hunyonya mafuta hayo jinsi yalivyo, pamoja na oksidi zake.

Alizeti ya nyanda za juu

Kwa kaya isiyotumia majarini ya steroli, mafuta ya alizeti ni chanzo kimojawapo kikubwa. Viwango vya kimataifa vya chakula vinaonyesha kwamba gramu 100 za mafuta ya alizeti huwa na steroli kati ya miligramu 240 na 500. Mafuta ya mawese yana miligramu 30 hadi 70 tu, na ya mahindi huanzia 700 na kupita 2,000. Kijiko kikubwa cha alizeti, chenye gramu 14 hivi, huleta miligramu 35 hadi 70, na cha mawese huleta 4 hadi 10.

Hali ya hewa huingia hata kwenye mbegu. Alizeti ya kawaida inayokomaa kwenye baridi hutengeneza asidi nyingi zaidi ya linoleiki kuliko ile ya maeneo ya joto. Mafuta yanayotokana na mashamba ya baridi ya Nyanda za Juu Kusini huelekea kuwa laini na mazuri kwa moyo, lakini pia huelekea kuchacha upesi yakiachwa kwenye moto mkali.

Namna ya kukamua ina uzito wake pia. Mafuta yanayotoka kwenye mashine ndogo za mtaani, baada ya mashudu kutengwa, huwa hayajasafishwa kwa kemikali, hivyo hubaki na steroli na vitamini E nyingi. Hubaki pia na utomvu na asidi huru, vitu vinavyoyafanya yatoe moshi mapema. Mafuta ya kiwandani hupitishwa kwenye joto la nyuzi zaidi ya 200 bila hewa ili kuondoa harufu. Kwa kuwa hakuna hewa, steroli haigeuki oksidi. Sehemu yake hupaa na kukusanywa kama masalia, na masalia hayohayo ndiyo hununuliwa na watengenezaji wa majarini za steroli. Kwa matumizi ya nyumbani, basi, ya kukamua yanafaa kwa kuunga mboga na mchuzi, na yaliyosafishwa yanafaa zaidi kwa kukaanga kwenye mafuta mengi.

Uharibifu unaweza kuanza kabla ya jikoni. Chupa angavu za mafuta zinazopangwa juani kando ya barabara kuu ya TANZAM hupata mwanga kutwa nzima, na mwanga huanzisha oksidi bila moto. Chupa nyeusi, kabati lenye kiza na kifuniko kilichokazwa huhifadhi mengi kuliko jina la mafuta yenyewe.

Hesabu ya sahani

Ili kufikia gramu 2 za steroli kwa alizeti peke yake, mtu angelazimika kunywa kati ya gramu 400 na 830 za mafuta kwa siku, jambo lisilowezekana wala kufaa. Majarini yenye steroli ya gramu 7.5 kwa kila gramu 100 hufikisha kiasi hicho kwa gramu 27 hivi, takriban vijiko viwili vikubwa. Hata moto ukiharibu asilimia chache za steroli hizo, hasara ni ndogo. Hasara kubwa zaidi hutokana na majarini inayobaki kwenye kikaango na kuoshwa na sabuni, kwa sababu hiyo haifiki kwenye sahani kabisa. Ndiyo sababu nyingine ya kuipaka kwenye mkate, au kuiyeyushia juu ya kiazi kilichochemshwa au uji ulioepuliwa, badala ya kuikaangia.

Vyakula visivyoongezwa kitu havifikii gramu 2, lakini hujumlishika. Gramu 100 za mbegu za alizeti zina miligramu 500 na zaidi kidogo, za karanga takriban 220, na za parachichi kati ya 75 na 85. Parachichi la Rungwe au Njombe lina sifa ya kuliwa bichi, hivyo steroli zake hazipiti motoni hata kidogo. Katika mahindi, mafuta na steroli nyingi zimo kwenye kiini na pumba. Ugali wa dona hubaki nazo, na sembe iliyokobolewa huziacha mashineni zikalishwe mifugo.

Nani azitumie, nani asizitumie

Kamati ya wataalamu wa viongeza vya chakula ya FAO na WHO iliweka mwaka 2008 kiwango cha steroli kinachokubalika kuwa hadi miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku, sawa na gramu 2.4 kwa mtu wa kilo 60. Sheria za Ulaya hutaka lebo iseme kwamba gramu 3 kwa siku zisizidishwe, na kwamba bidhaa hizo huenda zisiwafae wajawazito, wanaonyonyesha na watoto wa chini ya miaka mitano. Steroli nyingi hupunguza pia unyonyaji wa karotini, hivyo mtumiaji hushauriwa kula matunda na mboga kila siku.

Kuna watu wachache waliozaliwa na hitilafu kwenye pampu za ABCG5 au ABCG8. Ugonjwa wao, uliotambuliwa mwaka 1974, hulimbikiza steroli za mimea kwenye damu na kuziba mishipa mapema. Kwao hata mafuta ya alizeti ya kawaida huhitaji kupunguzwa.

Kuhusu oksidi zenyewe, majaribio ya maabara kwenye seli yameonyesha madhara kwa viwango vikubwa. Kwa binadamu anayekula chakula kilichopikwa kwa kawaida, madhara hayo hayajathibitishwa. Vivyo hivyo, majarini za steroli zimethibitishwa kushusha kolesteroli, lakini hakuna jaribio lililothibitisha kwamba hupunguza mshtuko wa moyo au kiharusi. Haziwezi kushika nafasi ya dawa. Mtu aliyepimwa akakutwa na kolesteroli ya juu, iwe kwenye kituo cha afya cha mtaani au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya, huendelea na dawa alizoandikiwa na humweleza daktari kabla ya kuongeza steroli juu yake.